Maua Yanayokauka Jumatano na Mungu wa Milele

Swali: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama wa kanisa hapa Kisumu na kazi yangu ni kupamba madhabahu kila Jumamosi. Nanunua mawaridi yanayoletwa kutoka Naivasha, na ikifika Jumatano yameshainamisha vichwa. Mzee mmoja wa kanisa ametaka tununue maua ya plastiki, mara moja basi. Alisimama kwenye kamati akasoma, "Majani yakauka, ua lanyauka," akasema Mungu wa milele hapambiwi kwa vitu vya kupita, na kwamba pesa zinapotea bure. Ningenyamaza tu. Lakini mwaka jana tulimzika mdogo wangu, msichana aliyekuwa ndio kwanza amemaliza chuo, na tangu hapo mstari huo ukisomwa nahisi kama ni yeye anayesomwa. Je, kitu kisichodumu kina thamani gani mbele za Mungu?

Jibu: Asifiwe sana, dada, na pole kwa msiba wa mdogo wako. Umeuliza habari ya maua, lakini kila nikiisoma barua yako naona ni yeye unayemuulizia, kwa hiyo nitajibu yote mawili. Nianze na ule mstari wa kwenye kamati, maana naona ulikatwa pabaya.

Isaya 40 haianzi na majani. Inaanza na maneno haya: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu, asema Mungu wenu." Wanaoambiwa hivyo ni watu wa Yuda waliokuwa wamepokonywa kila kitu. Mwaka 586 kabla ya Kristo majeshi ya Babeli yaliiteka Yerusalemu, yakachoma hekalu, yakawahamisha watu wake hadi nchi ya mbali. Huko Babeli waliona kuta ambazo hawakuwahi kuona mfano wake, na sanamu za miungu zikibebwa kwa maandamano, na mtu wa kawaida angeapa kwamba dola ile haitakwisha. Katikati ya hali hiyo ndipo sauti inaposema, "Wote wenye mwili ni majani." Na Babeli nayo ni mwili. Mfalme wake ni majani, askari wake ni majani, na amri zilizowaweka watu utumwani zitakauka zote. Mwaka 539 kabla ya Kristo Koreshi wa Uajemi aliichukua Babeli, na wana wa Yuda wakapewa ruhusa ya kurudi kwao.

Kwa hiyo mstari uliokutia huzuni ulitolewa kwanza ili uwafute watu machozi. Uzito wake uko kwenye nusu ya pili: "bali neno la Mungu wetu litasimama milele." Na neno lenyewe ni ahadi, kwamba Mungu hajawasahau na anakuja kuwachukua. Petro aliirudia aya hiyo hiyo katika waraka wake wa kwanza, akiwaandikia waumini waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, watu waliotukanwa na majirani zao kwa ajili ya jina la Kristo. Yakobo naye aliielekeza kwa tajiri anayejivunia mali. Aliyeonewa huisikia kama faraja, mwenye kiburi huisikia kama onyo. Kulishtaki ua lenyewe kwa kunyauka, hilo sijaliona kwa nabii wala kwa mtume.

Fungua sasa Mathayo 6. Vilima vya Galilaya hupata mvua zake wakati wa baridi, kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi. Februari na Machi vinajaa maua, hasa anemoni nyekundu, ambazo wengi hudhani ndizo Bwana Yesu alizokuwa akiwaonyesha watu. Kisha upepo wa joto huvuma kutoka jangwani, na katika siku chache kijani chote kimekwisha. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo nyasi kavu zilikusanywa pamoja na maua yake zikawa za kuwashia tanuri za mikate. Aliposema juu ya majani "yaliyopo leo, na kesho hutupwa kalibuni", kina mama waliokuwa wakimsikiliza walijua anazungumzia jikoni mwao. Alijua vizuri maua yale yamebakiza siku ngapi. Na kwa kujua hivyo ndipo akasema kwamba hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama mojawapo la hayo.

Hapa kuna jambo linalonigusa kila ninapolifundisha. Sulemani alikuwa na maua mengine, yasiyonyauka. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, kinaeleza jinsi kuta za hekalu zilivyochongwa maua yaliyofunuka, na dhahabu ikafunika kazi ile. Kabla yake, katika Kutoka 25, kinara cha taa kilikuwa na vikombe mfano wa maua ya mlozi, vyote vya dhahabu safi, na aliyekiagiza ni Mungu mwenyewe. Basi maua yaliyotengenezwa kwa mikono hayamchukizi Mungu, na nitarudi hapo tukifika kwenye plastiki. Lakini Yesu alipotaka kuonyesha jinsi Baba anavyotunza, alipita maua ya dhahabu akaenda kwa yale ya kondeni, yanayopewa uzuri wote huo kwa muda mfupi tu. Baba hakuyapunguzia mapambo kwa sababu ya ufupi wa siku zake. Na yale ya hekaluni? Yalikwisha pamoja na hekalu mwaka ule wa 586, huku maua ya kondeni yakiendelea kurudi kwenye vilima vile kila baada ya mvua, hata mwaka huu.

Kabla ya theolojia nilisomea kilimo cha bustani, na naamini mtu anayehubiri juu ya ua linalonyauka angefaa ajue kwanza kwa nini linanyauka. Petali, yale majani ya rangi ya ua, ni gharama kwa mmea. Zinapoteza maji, zinakula sukari, na kazi yake ni moja, kumwita nyuki au ndege. Chavua, yaani unga wa ua, ikishafika mahali pake, ua la mimea mingi hutoa gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha ndizi, na gesi hiyo huziamuru petali zizeeke. Mmea huvunja vilivyomo ndani yake, sukari, nitrojeni, fosforasi, ukavirudisha na kuvipeleka kwenye ovari, pale mbegu inapoanza. Okidi isiyochavushwa inaweza kukaa wiki nyingi ikiwa imechanua. Ikichavushwa leo, baada ya siku chache imekunjamana. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri limefumba, halifunguki tena. Hapa Nakuru jakaranda humwaga zambarau barabarani kuanzia Septemba hadi Novemba, watu wakipita juu yake bila kujua kwamba huko juu maganda ya mbegu yameshaanza kukaza. Au waulize wakulima wa kahawa wa Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, siku kama kumi baadaye shamba zima ni jeupe na linanukia, na siku mbili tatu baada ya hapo maua yamekuwa ya kahawia. Hakuna mkulima anayelia siku hiyo. Ndipo anapoanza kuhesabu miezi minane au tisa ya kungojea buni.

Ningeweza kuishia hapo, na mahubiri mengi ya mazishini huishia hapo: ua linaanguka ili tunda lianze, kwa hiyo msihuzunike. Sitakuambia hivyo, dada. Mdogo wako hakuondoka kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Alikatwa. Na hata hayo mawaridi yako yanakatwa Naivasha yakiwa bado yamefumba, yanawekwa kwenye baridi, yanasafirishwa, wala hayatazaa mbegu hata moja. Shamba lina jibu zuri kwa ua lililochavushwa. Kwa ua lililokatwa halina jibu, na anayelazimisha jibu hilo mbele ya jeneza la kijana anawaumiza wafiwa hata kama nia yake ni njema.

Ayubu aliliona hili kabla yetu. Katika sura ya 14 anasema juu ya mwanadamu, "Yeye huchanua kama ua, kisha hukatwa." Halafu anatazama mti, anaona mti una matumaini, kwamba ukikatwa utachipuka tena, hata shina lake likizeeka ardhini, kwa harufu ya maji tu utatoa matawi. Na mwanadamu je? Anakufa, analala chini, na Ayubu anauliza yuko wapi. Mimea haikumfariji Ayubu, ilimwongezea uchungu. Maandiko hayakuyafuta maneno yake wala hayakumkemea kwa machozi yake. Ukijikuta umesimama mahali pa Ayubu wakati wengine wanaimba, huko si kukosa imani. Kaa hapo kwa muda unaohitaji.

Zaburi 103 inaingia mahali hapo hapo kwa upole mkubwa. Inasema siku za mwanadamu ni kama majani, anasitawi kama ua la kondeni, "Maana upepo hupita juu yake, kumbe haliko! Na mahali pake hapatalijua tena." Aliyerudi nyumbani kutoka makaburini anayajua maneno haya. Kiti kinakaliwa na mtu mwingine. Chumba kinapakwa rangi upya, kinapangishwa. Namba ya simu inapewa mtu asiyemjua. Mahali husahau, na Zaburi inakubali hivyo bila kuficha. Lakini soma mistari inayouzunguka. Mmoja uko kabla: "Kwa maana Yeye anatujua umbo letu, Na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Mwingine uko baada: "Bali fadhili za BWANA zina wamchao Tangu milele hata milele." Mahali hapamjui tena mdogo wako, Bwana anamjua. Mwenye Zaburi hakutafuta ndani ya ua chembe fulani isiyoweza kufa. Aliweka matumaini yote kwa Yule anayekumbuka.

Na hapa ndipo ningependa uelewe vizuri kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Wengi wetu tukisikia "milele" tunawaza kitu kigumu kisichobadilika, jiwe, chuma, na siku hizi plastiki. Kwa kipimo hicho kila kilicho laini ni hafifu, na mtoto aliyeishi mwaka mmoja ana thamani ndogo kuliko mzee wa miaka tisini. Biblia haipimi hivyo. Milele ni ya Mungu kwanza, ni uaminifu wake usiokoma, na kitu chochote kifupi kinaingia humo kwa sababu yeye amekishika. Mhubiri 3:11 inaweka mambo mawili pamoja: "Kila kitu amekifanya kizuri kwa wakati wake, tena ameiweka hiyo milele ndani ya mioyo yao." Uzuri una wakati wake, na moyo unaoutazama uzuri huo una njaa ya milele. Ndiyo sababu ua lililonyauka linauma, ingawa sote tunajua maua hunyauka. Maumivu hayo Mungu ameyatia mwenyewe. Usiyaonee aibu.

Je, njaa hiyo inashibishwa na nini? Petro, katika sura ile ile ya kwanza anamotaja majani yakaukayo, anaanza kwa kusema tumepata "urithi usioharibika, usio na uchafu, usionyauka", na anasema tumeupata kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu. Msingi wake ni tukio, na tukio lenyewe lilitokea bustanini. Yohana 19:41 anasema pale aliposulubiwa palikuwa na bustani, na ndani yake kaburi jipya. Asubuhi ya siku ya kwanza ya juma Mariamu Magdalene alimwona Bwana akadhani ni mtunza bustani, hadi alipomwita kwa jina lake. Aliyefufuka ni yule yule aliyekufa. Alikuwa na alama za misumari. Mungu hakumweka kando huyu aliyekufa akaleta mwingine asiyekufa; alimfufua huyo huyo, na mauti haimtawali tena.

Paulo anapoeleza ufufuo wa wafu katika 1 Wakorintho 15 anatumia mfano wa mbegu, "Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika," na watu wakiusikia wanafikiri anasema mwili una nguvu ya kujifufua, jinsi punje inavyojiotea. Msome tena mstari wa 38: Mungu huipa mwili kama apendavyo. Nguvu ni ya mtoaji. Kwa hiyo ua lililokatwa kabla ya mbegu halikutengwa na ahadi hii. Mdogo wako hakuwa na watoto, hakuwa na kazi wala jina mjini, cheti chake huenda hakikutumika hata mara moja, na hakuna lolote kati ya hayo linalopunguza tumaini lake kwa Kristo. Kama tumaini hilo lingetegemea alichozaa, ningekosa la kukuambia.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kamati italirudia.

Kuna nyumba moja Bethania ambako swali la mzee wenu liliulizwa mbele ya Yesu mwenyewe. Mwanamke alivunja chupa ya marhamu ya nardo safi akammiminia kichwani. Waliokuwapo wakakasirika wakasema ingeuzwa kwa dinari mia tatu na zaidi, wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ile chupa ilikaribia mshahara wa mwaka mzima, na yote ilimwagika kwa dakika moja. Jibu la Bwana katika Marko 14 ni hili: "Mwacheni, mbona mnamtaabisha? Amenitendea kazi njema." Akaongeza kwamba kokote Injili itakapohubiriwa, alilotenda litatajwa. Marhamu imekwisha, harufu imekwisha, na tendo linasomwa Kisumu leo. Mawaridi yaliyokatwa yanafanana na chupa ile zaidi ya yanavyofanana na ua la kahawa. Hayana matunda ya kutoa tena, yametolewa yenyewe.

Bwana hakuwasahau maskini, na wewe usiwasahau. Katika mstari unaofuata alisema tunao siku zote, na kila tupendapo twaweza kuwatendea mema. Kama katika ushirika wenu yuko mjane ambaye watoto wake wamefukuzwa shule kwa karo, bajeti ya maua ipungue kabla ya yeye kupungukiwa, na mwezi huo pamba kwa majani mabichi na maua ya viwanja vya waumini. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini pesa zinazotoka kwenye maua mabichi kwenda kununua ya plastiki hazijamfikia mjane yeyote.

Nikupe shahidi mmoja wa zamani. Mwaka 396 Mtakatifu Jeromu, akiwa Bethlehemu, alimwandikia rafiki yake Heliodoro, askofu wa Altino kaskazini mwa Italia, barua ya kumfariji. Mpwa wa askofu huyo, padri kijana aitwaye Nepotiano, alikuwa amekufa kwa homa. Jeromu anakiri kwamba kila anapojaribu kunyunyiza maua ya maneno yake juu ya kaburi la kijana huyo, macho yanamjaa machozi. Na anapotaja sifa zake, anakumbuka jinsi alivyoangalia madhabahu ing'ae, kuta zisiwe na masizi, sakafu ifagiliwe, na jinsi alivyopamba makanisa na makaburi ya mashahidi kwa maua ya kila aina, majani ya miti na matawi ya mizabibu. Maua yale yalikauka zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kijana alikufa mapema. Mwanachuoni mkubwa kuliko wengi wa wakati wake aliona vyema kuandika kwamba kijana huyu alipamba kanisa kwa maua, katika barua inayohusu ufufuo. Wewe uliyempoteza mdogo wako na bado unakwenda kanisani Jumamosi na ndoo ya mawaridi, una wenzako wa kale.

Kwa mzee wenu nami nina neno la heshima. Hofu yake si ngeni. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, aliandika karibu mwaka 211 akipinga Wakristo kuvaa mataji ya maua na majani, kwa kuwa yalivaliwa kwenye sikukuu za sanamu. Na uzuri peke yake haumthibitishi mtu wala kitu. Ninyi wa Kisumu mnalijua ua la gugumaji, zambarau laini kabisa, likitanda juu ya Ghuba ya Winam. Mvuvi wa Dunga ambaye mashua yake imekwama humo hatalisifu. Mzee anayeogopa watu wasije wakapenda mapambo kuliko Mungu anafanya kazi yake ya uzee wa kanisa. Mwendee kwa adabu, usimjibu kwenye kamati.

Lakini kuhusu plastiki yenyewe msimamo wangu uko wazi. Si dhambi. Kanisa la mbali lisilopata maua, au lenye waumini wanaougua kwa chavua, litumie tu kwa amani. Ninachokataa ni sababu iliyotolewa, kwamba plastiki inamfaa zaidi Mungu wa milele. Ua la plastiki halikauki kwa sababu halikuishi. Linafifia rangi dirishani, linashika vumbi, kisha linatupwa na kukaa ardhini miaka mingi bila kuwa udongo wala chakula cha mdudu. Waliochonga maua ya hekalu walitoa ufundi wao wote kama ibada. Fundi akishona au akichonga ua kwa moyo huo nitalipokea kwa furaha. Kununua kitu mara moja ili tusijisumbue tena kila Jumamosi ni jambo jingine. Isitoshe, plastiki haiwezi kufunga Kwaresima. Katika Kanisa Katoliki taratibu za Misa zinakataza kupamba madhabahu kwa maua kipindi hicho, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu, na makanisa mengi ya Kianglikana hufanya vivyo hivyo. Madhabahu inabaki tupu, macho yanazoea utupu, halafu Pasaka inakuja. Kama ninyi hamna desturi hiyo, ijaribuni. Mtaokoa pesa za wiki kadhaa na hakuna atakayelalamika.

Mawaridi yako pia yanaweza kuvuka Jumatano. Joto la Kisumu ni kali kwao, na shingo huinama pale hewa au bakteria vinapoziba mirija ya shina. Ukifika nayo, kata shina tena kwa mshazari, sentimita mbili tatu, ikiwezekana shina likiwa ndani ya maji. Ondoa majani yote yatakayozama. Osha chombo kwa sabuni na klorini kidogo, badilisha maji kila siku au kila baada ya siku moja, na uweke kijiko kidogo cha sukari pamoja na matone ya ndimu. Yalaze mahali baridi na penye kivuli hadi asubuhi ya Jumapili. Na siku ya sadaka ya mazao, usiyaweke karibu na mikungu ya ndizi mbivu, kwa sababu ya ile ethilini. Karnesheni ndizo huumia zaidi. Ibada ikiisha, usingoje yakauke kanisani. Yagawe Jumapili hiyo hiyo, shina moja moja, kwa wagonjwa walioko majumbani na wazee wasioweza tena kufika, ili Jumatano iwakute huko.

Juu ya kaburi la mdogo wako nakushauri upande kitu chenye mizizi badala ya kuacha shada la plastiki. Panda mwanzoni mwa mvua za Machi, mwagilia mpaka kishike. Na mtakapokutana kwa maombi ya kumkumbuka, msisome mstari wa majani peke yake. Someni Isaya 40 kuanzia mstari wa 1 hadi wa 11, mahali anapotajwa Bwana akiwakusanya wana-kondoo mikononi mwake na kuwachukua kifuani. Mwalike mzee wenu, na umwombe yeye ndiye aisome.